Mtandao Ukikatika Tusisingizie Kadari

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.). Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu Waislamu, umezuka msemo misikitini mwetu ambao ni wajibu kuukemea. Simu zikinyamaza mji mzima, fedha zikikwama ndani ya simu, maiti akacheleweshwa kuzikwa kwa kuwa jamaa hawakupata habari, husikika mtu akisema: "Ni kadari ya Mungu, tufanye subira." Kadari tunaiamini, nayo ni nguzo ya imani. Lakini kuifanya pazia la kuficha uzembe wa wanaadamu ni kuidhulumu imani yenyewe.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika ya Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani kwa siku kadhaa. Waya kukatika baharini ni msiba. Lakini tangu Februari ya mwaka huo huo nyaya kadhaa zilikuwa zimekwisha kuharibika katika Bahari ya Sham, na njia za akiba zilikuwa zimepungua. Nahodha ajuaye kuwa chombo chake kimebakiwa na kamba moja, naye akaendelea kupakia abiria, atajitetea kwa kadari?

Tutazame na biashara yenyewe. Mtu hununua kifurushi cha saa 24. Mtandao ukikatika kwa saa 8, muda wa kifurushi hausimami; ukifika mwisho, salio hufutwa. Mnunuzi amelipia saa 24, amepewa 16. Hizo 8 zimeliwa na nani? Suratul Mutaffifin imewaonya vikali wanaopunja vipimo, na aya ya 29 ya Suratun Nisaa imekataza watu kula mali zao kwa batili. Je, kipimo ni kibaba cha mchele peke yake? Muda unaouzwa kwa bei nao ni kipimo. Nchini Kanada, mtandao wa Rogers ulipozimika tarehe 8 Julai 2022, kampuni hiyo iliwarejeshea wateja wake thamani ya huduma ya siku 5. Hawakufanya hivyo kwa kuifuata Qur'an. Sisi tuliokabidhiwa Qur'an tunanyamaza, kisha tunanunua kifurushi kingine!

Aidha, tumeiacha simu ya mezani ife bila kujiuliza inakufa na nini. Simu ile ya waya wa shaba ilipata umeme wake kutoka kwenye mtambo wa kituo cha simu, wenye betri zake. Taa za nyumbani zikizimika, simu iliendelea kulia. Mnara wa simu za mkononi hutegemea umeme, betri na jenereta pale pale uliposimama; mafuta yakiisha, mtaa mzima hunyamaza. Unguja ilikosa umeme kwa takriban miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Watu wa huko hawana haja ya kufundishwa maana ya kutegemea jenereta.

Watasema wapinzani: simu ya mezani ilikuwa ya wachache, kuiomba kulihitaji kusubiri miaka, na nyaya zake ziliibwa. Ni kweli. Tena simu ya mkononi ni neema iliyomfikia mkulima na mvuvi. Hatudai nyaya zirudishwe nyumba kwa nyumba. Tunahoji: kwa nini hospitali, zimamoto na misikiti mikubwa iachwe bila njia ya pili?

Lawama si ya makampuni peke yao. Kamati ya msikiti inayotangaza janaza kwa simu tu imefanya nini siku simu zinaponyamaza? Na mdaiwa anayemwambia mwenzake "mtandao hakuna", ilhali fedha taslimu anazo mfukoni, anamdanganya nani? Kuosha maiti, kumkafini, kumswalia na kumzika ni faradhi kifaya. Ikiachwa, dhambi ni ya jamii nzima. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Allah.

Hivyo basi, kila msikiti uwe na daftari la majina, nyumba na namba za waumini, lililoandikwa kwa mkono. Kila mtaa uwe na vijana wa zamu wa kupeleka habari kwa miguu. Na waumini waandike barua kwa mamlaka za mawasiliano za nchi zao, wakidai muda wa kifurushi usimame pindi mtandao unapokatika. Barua moja itatupwa. Barua za misikiti mia moja zitasomwa. Huko nako ni kuamrisha mema na kukataza maovu.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kutekeleza amana na wenye kuidai haki bila ya woga. Amin.

Wabillahi tawfiq.