Tusiukate Mwembe



Tazama chini ya mwembe au mfenesi ulio nyumbani kwako. Wengi wetu hapa Horohoro huona mahali pale ni pa kupumzikia tu. Wengine huona mti unazuia jua, wakaukata na kuchoma mkaa. Mimi nasema tusiukate. Tupande pilipili manga chini yake.

Pilipili manga ni mmea unaotambaa. Asili yake ni India ya kusini. Haupendi jua kali mchana kutwa. Unataka kivuli chepesi na mti wa kuupanda. Ukitunzwa vizuri huzaa kwa miaka zaidi ya 15. Wenzetu wa wilaya ya Muheza, kwenye milima ya Amani, wanaulima na kuuza.

Mtu atasema, "Amani kuna mvua nyingi. Huku kwetu jua ni kali." Ni kweli. Kwa hiyo sisemi ulime ekari nzima. Panda mashina mawili au matatu karibu na nyumba, mahali unapoweza kumwagilia. Usitumie maji ya chumvi.

Wakati wa masika, kata pingili za marando zenye vifundo vitatu mpaka vitano. Fukia vifundo viwili karibu na shina la mti, kwenye udongo wenye samadi. Funika kwa majani makavu ili unyevu usipotee. Maji yasituame, maana mizizi itaoza. Marando yakirefuka, yafunge kwenye mti kwa kamba laini. Kivuli kikizidi, punguza matawi.

Mwaka wa tatu hivi utaona maua madogo kwenye vishada vinavyoning'inia. Baadaye huja punje za kijani. Hapo ndipo wengi hukosea. Shida ikibisha hodi, huchuma punje changa na kuziuza. Punje changa zikikauka hunywea na kuwa nyepesi. Subiri mpaka punje moja au mbili katika kishada ziwe nyekundu. Ndipo uchume, uanike juani juu ya mkeka safi, mpaka ziwe nyeusi na ngumu. Kilo 3 za mbichi hutoa kama kilo 1 ya kavu.

Siku ya kuuza, chukua daftari lako. Zamani ulimwambia mnunuzi, "Nisomee mizani." Sasa soma mwenyewe. Andika kilo, andika bei, kisha zidisha. Kama hesabu yake na yako hazilingani, mwulize kabla hujapokea fedha.

Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Pilipili manga huchumwa kivulini, ikaanikwa juani. Mti ulioukata utakupa mkaa mara moja tu. Mti uliouacha utakupa maembe, kivuli na pilipili. Wewe unachagua upi?

Jadilianeni darasani:
1. Kwa nini watu huchuma pilipili manga changa? Tufanye nini?
2. Ukichuma kilo 12 za mbichi, utapata kilo ngapi za kavu?