Tsundere Nimewachoka Jamani

Wadau, leo niseme tu kinachonikera. Wale wasichana wa anime wanaoitwa tsundere, mwenzenu nimewachoka. Si mnawajua? Anampenda kijana wa watu, akiulizwa anakana, uso mwekundu, halafu anamtandika. Shana wa 2005, Louise wa 2006, Taiga wa Toradora! 2008: wote wafupi, wote wakali, na wote sauti ni ya dada mmoja, Rie Kugimiya. Huyo huyo ndiye Alphonse wa Fullmetal Alchemist, mpole kama nini! Kwa hiyo kipaji si tatizo. Tatizo ni waandishi wakiona kitu kinauza wanakirudia mpaka basi.

Taiga namsamehe. Baba anaahidi na hatokei, binti anaishi peke yake, ukali wake unaeleweka. Asuka wa Evangelion (1995) ndiyo kabisa, ukijua yaliyompata mama yake huwezi kumcheka. Lakini Louise kumchapa Saito mjeledi, eti ndiyo mapenzi? Geuza kibao, mvulana awe ndiye anayechapa, nani hapa hosteli angecheka?

Na msiniambie "ni katuni tu". Sisi tunasomea ualimu, tunakwenda kukaa na watoto wa kidato cha pili wanaoangalia hivi vitu kwenye simu, na ndio kwanza wanajifunza kupenda.

Mimi nipeni Riza Hawkeye. Anamlinda Mustang wake bila kelele, na bunduki anaijua. Mashabiki wa Louise, chumba changu mnakijua.