AFYA YA JAMAA: Surua inajificha wapi?



Katika machimbo ya Kabambare wazazi wanauliza: “Mutoto iko na surua, tumemununulia antibiotiki, mbona haiponi?”

Jibu ni hili: tazameni mahali virusi vinapokaa. Mikrobu nyingi zina vyombo vyao vya kazi, na antibiotiki inavunja vyombo hivyo. Virusi vya surua havina vyombo hivyo. Vinaingia ndani ya seli, zile nyumba ndogo sana zinazojenga mwili, na kuzitumikisha. Seli yenyewe inaanza kutengeneza protini za mgeni.

Kila protini ina mahali pake. N inafunika ujumbe wa virusi kama nguo. P na L zinanakili ujumbe huo. Zinakusanyika hasa katika ute wa seli, nje ya kiini. M inakaa chini ya ngozi ya seli, upande wa ndani. H na F zinatokea juu ya ngozi, nje kabisa: H inakamata seli ya jirani, F inaunganisha seli mbili kuwa moja.

Lakini hapo nje ndipo mwizi anaonekana! Antikorsi, askari wa mwili, wanamkamata zaidi kwa ile H. Chanjo ni virusi vya surua vilivyopunguzwa nguvu. Inawafundisha askari sura ya H mbele ya mwizi kufika. Sura hiyo haibadiliki sana. Ndiyo maana chanjo zilizotokana na virusi vya mwaka 1954 zingali zinafaa.

Kasongo si mgeni wa habari hii. Mwaka 1981 jarida The Lancet lilichapisha uchunguzi wa chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo wa miezi 7 hadi 35. Tena tusisahau: tangu 2019 mpaka mwanzo wa 2020, surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo yetu.

Basi wazazi, mkihama chimbo, bebeni karatasi ya chanjo. Sindano ya kwanza ni kwa miezi 9. Mtoto akiugua, mpelekeni kituo cha afya apewe vitamini A. Antibiotiki ni kwa neno la munganga tu, kama mapafu au masikio yameshikwa na mikrobu nyingine. Nanyi vijana, wasaidieni mama zenu kukumbuka tarehe.

Mungu alinde jamaa zenu.