Hukumu ni Mali ya Umma, Tuzisome Wenyewe

Ni jambo la kusikitisha kwamba wengi wetu huzijadili hukumu za mahakama bila ya kuzisoma. Mwanafunzi husikia redioni kwamba majaji wamesema hivi, mwalimu akayarudia darasani, na ifikapo jioni maneno yamekuwa mengine kabisa. Zamani tulikuwa na kisingizio: vitabu vya kesi vilikuwa ghali. Leo kisingizio hicho kimekwisha.

Tuitazame Marekani. Mwaka wa 1834, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba hakuna awezaye kudai hakimiliki ya hukumu zilizoandikwa na majaji wake. Mwaka wa 1888 ikashikilia msimamo uo huo katika kesi iliyohusu hukumu za jimbo la Ohio. Hata hivyo, haki iliyoandikwa si lazima imfikie mwananchi. Kwa miaka mingi, aliyetaka kuzisoma hukumu za rufaa za majimbo alihitaji ama fedha, ama maktaba kubwa iliyo karibu naye. Ndipo maktaba ya sheria ya Chuo Kikuu cha Harvard ilipovifumua vitabu vyake na kuzipiga picha kurasa zipatazo milioni 40. Mwaka wa 2018 hazina hiyo, yenye kesi zaidi ya milioni 6, ilifunguliwa katika intaneti, na mwaka wa 2024 masharti ya kibiashara yaliyosalia yakaondolewa.

Lakini kupata si kuelewa. Anayetafuta hukumu hana budi kujiuliza: imetolewa na mahakama gani, mwaka gani, na je, ilibatilishwa baadaye? Jina pekee laweza kupotosha. Hapa Kenya, Mahakama ya Juu ndiyo ya mwisho. Katika jimbo la New York, mahakama yenye jina hilo kwa kawaida husikiliza kesi tangu mwanzo, ilhali mahakama ya kilele ya jimbo ni ile ya Rufaa.

Tena, asiyefungua hukumu yenyewe hujitia hatarini. Mwaka wa 2023, katika mahakama ya shirikisho mjini New York, mawakili wawili na kampuni yao walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kutaja kesi ambazo hazikuwahi kuwako. Zilikuwa zimebuniwa na programu ya kompyuta. Ikiwa wakili alinaswa, sembuse mwanafunzi wa sekondari?

Sisi nasi hatuna la kujitetea. Baraza la Kitaifa la Kuripoti Sheria, lililoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1994, huchapisha hukumu za mahakama zetu katika intaneti bila malipo. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 nacho humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Kikwazo kilichobaki ni lugha, kwani nyingi za hukumu hizo zimeandikwa kwa Kiingereza kizito. Hapo ndipo walimu tunapohitajika. Kila muhula na tuchague hukumu moja ya rufaa, tuisome na wanafunzi aya kwa aya, kisha waeleze kwa Kiswahili sanifu majaji waliamua nini na kwa sababu gani. Mlango u wazi, lakini atakaye cha mvunguni sharti ainame.