Farouk Miya, Lamine Yamal na daftari la mwanao



Kila jioni ya mechi kubwa, mabanda ya video kuanzia Kiyeyi hadi Busia hujaa vijana. Jina lililo midomoni mwao ni Lamine Yamal, winga wa Barcelona na Hispania, kijana Mwislamu aliyezaliwa Julai 2007, ambaye mabeki wazima wanamkosa kwa mbio na kwa chenga. Hatuwalaumu. Lakini kabla hatujafika Hispania, tumtazame kwanza wa kwetu, Farouk Miya.

Tarehe 4 Septemba 2016, pale Namboole, Miya alifunga bao pekee dhidi ya Komoro, na Uganda ikafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1978. Alikuwa na miaka 18. Januari 2017, huko Gabon, aliifunga Mali, na hilo likawa bao pekee la Uganda katika mashindano yale.

Na baadaye? Standard Liège ya Ubelgiji ilikuwa imemchukua tangu mwanzo wa 2016, lakini nafasi ilikuwa finyu. Akatolewa kwa mkopo Mouscron, kisha akacheza Azerbaijan, Kroatia na Uturuki. Hatusemi alishindwa, maana Waganda waliofika alipofika ni wachache. Tunasema kwamba huyu ndiye aliyefanikiwa, na hata yeye alihama nchi baada ya nchi akitafuta namba. Je, yule ambaye hajaitwa hata majaribio ya Kampala?

Hapa ndipo tunapoumia. Tunaona watoto wakitoroka vipindi vya mchana kwenda uwanjani. Tumeona mzazi akiuza ng'ombe ili amlipe mtu aliyejiita wakala, aliyeahidi majaribio Nairobi, kisha simu yake ikazimwa. Mtoto kwa aibu hakurudi darasani, na ng'ombe hakurudi zizini.

Wapo wanaosema basi tupige mpira marufuku. Hatukubaliani nao. Kipaji ni amana, na mtoto akikatazwa atacheza kwa kujificha. Tunachotaka ni utaratibu. Yamal mwenyewe alipokwenda Ujerumani kwa Euro 2024 alibeba kazi zake za shule, na katika mashindano hayo hayo aliifunga Ufaransa kwenye nusu fainali akiwa na miaka 16. Machi 2025 alifunga Ramadhani akiwa na timu ya taifa. Vijana wanaoiga nywele zake waige na haya.

Basi wazazi, mtoto acheze baada ya masomo na Swala ya Alasiri, na Magharibi imkute nyumbani. Anayeleta habari ya majaribio aje kwenu mchana, aonyeshe barua ya klabu, nanyi mwulizeni kiongozi wa klabu hiyo wenyewe. Akidai fedha kwanza, mwambieni kwaheri.

Na wewe mwanafunzi, mguu unaweza kuvunjika Jumamosi moja tu, na wakala asikupigie simu tena. Ulichosoma hakivunjiki. Chezeni mpira, lakini daftari lisibaki uwanjani.

Allah awahifadhi watoto wetu. Amin.