Hesabu ya Mavuno na Bei ya Debe

Wasomaji wengi wa gazeti hili ni walimu, na walimu wengi wa shamba ni wakulima pia: asubuhi twashika chaki, alasiri twashika jembe, na mahitaji ya watoto wetu hutoka katika magunia zaidi kuliko katika mshahara. Kwa hiyo sidhani yanipasa kuomba radhi kwa kuandika habari za mahindi mahali ambapo wenzangu wamezoea kuandika habari za sarufi.

Neno lenyewe ni hili. Kila mwaka Wizara ya Kilimo hufanya hesabu ya mavuno ya nchi nzima. Hutangaza tani zilizopatikana na tani zihitajiwazo, kisha hutoa namba moja ya asilimia iitwayo kiwango cha utoshelevu wa chakula. Namba hiyo ikisha kutoka, hutembea. Hufika Dar es Salaam kwa wenye maghala, hufika Makambako na Kibaigwa kwa madalali, na mwisho kabisa hufika kwetu Mikumi, nayo imekwisha vaa nguo nyingine: imekuwa bei ya debe. Mimi nasema hesabu hiyo ni jambo jema litendwalo vibaya, na hasara ya ubaya huo hulipwa na mkulima mdogo. Najua kwamba nitawaudhi watu wa pande mbili kwa maneno haya, nao wataniwia radhi.

Kwanza ni majirani zangu. Msimu uliopita, tulipokuwa tukipukuchua mahindi, mzee mmoja aliniambia, "Mwalimu, hawa wakubwa wangenyamaza tungepona. Redio ikisema tu kwamba nchi imeshiba, mwenye lori ananishushia bei mbele ya macho yangu. Sasa hesabu hiyo inamfaa nani?" Nikamjibu, "Mzee wangu, mwenye lori hangoji redio." Akacheka, lakini hakukubali, na wengi waliokuwapo walikuwa upande wake.

Natutazame basi. Mikumi iko juu ya njia kuu itokayo Zambia, Mbeya na Iringa kwenda Dar es Salaam. Malori ya mahindi ya kusini hupita mbele ya nyumba zetu usiku na mchana. Mnunuzi anao watu Makambako wampigiao simu, anaye dalali Tandale, naye ajua malori mangapi yameshusha jana na mangapi yangali yakingoja. Yaani anayo hesabu yake mwenyewe, tena ya kila siku. Serikali ikinyamaza, yeye hapungukiwi na kitu. Apungukiwaye ni yule mzee, ambaye hesabu yake ni shamba lake na mashamba mawili ya jirani, basi.

Tena hata mnunuzi asiyejua hatuletei heri, ingawa watu hudhani kwamba mnunuzi mjinga ni bahati ya muuzaji. Bei ya Julai si bei ya Julai. Mtu anunuaye mahindi mwezi wa saba ananunua njaa ya mwezi wa pili. Anatoa fedha leo kwa sababu ya kitu akidhaniacho kesho. Nitaeleza kwa mfano wa ubaoni. Tuseme adhani kwamba Februari gunia litakuwa shilingi 90,000. Akiwa na hakika, ataondoa nauli, bei ya magunia matupu, dawa ya wadudu na faida yake, anipe 65,000. Lakini kama hajui ikiwa litakuwa 110,000 au 60,000, wala hajui kama mpaka utafungwa, ataondoa na kitu kingine cha kujikinga, anipe 50,000. Zile 15,000 si ujira wa mtu yeyote aliyezifanyia kazi. Ni bei ya giza, nami ndimi niilipaye, kwa kuwa siwezi kungoja. Madeni ya masika hayangoji. Dumuzi hangoji, mdudu huyu, aliyeonekana nchini kwanza huko Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, aweza kugeuza kihenge kizima kuwa unga kabla mwenyewe hajala.

Basi wanaotaka serikali inyamaze wanaomba giza lizidi. Nawaheshimu wazee wangu, lakini katika jambo hili siwafuati.

Sasa nageukia upande wa pili, yaani wale watangazao hesabu. Na tukumbuke mwaka 2017, maana mwaka ule peke yake watosha kuwa somo zima.

Hesabu ya msimu wa 2015/16 ilisema kwamba nchi ilipata tani milioni 16.17 za chakula, na mahitaji yalikuwa tani milioni 13.16. Ziada ni tani milioni 3, na utoshelevu asilimia 123. Hata vuli ya mwisho wa 2016 ikakosa mvua katika sehemu nyingi. Jirani zetu Kenya nao walikuwa katika ukame, hata Februari 2017 serikali yao ikautangaza kuwa janga la taifa. Na penye njaa ya jirani mahindi hujua njia. Bei ikapanda. Januari 2017 watu walisema waziwazi kwamba kuna njaa. Rais John Magufuli akakana, akasema serikali haina chakula cha kugawa bure, nayo Wizara ikasimama juu ya hesabu yake. Nalikuwa mwalimu kijana wakati ule, mgeni katika kazi. Nalinunua debe kwa shilingi 18,000 huku redio ya jirani ikinisomea ziada ya tani milioni 3.

Sisemi kwamba hesabu ile ilikuwa uongo. Yumkini ilikuwa kweli. Lakini ilikuwa kweli ya mavuno ya katikati ya mwaka, ikisomwa Januari baada ya mengi kuliwa na mengine kuuzwa. Kisha ilikuwa kweli ya vyakula vyote vilivyochanganywa katika chungu kimoja: mahindi, mpunga, mtama na ulezi, pamoja na mihogo, viazi na ndizi zikigeuzwa kwa hesabu ziwe kama nafaka. Ndizi za Bukoba haziteremshi bei ya sembe Mikumi. Mtu aliyeambiwa "ziada" akauza akiba yake Desemba kwa kuiamini namba, kisha akanunua Februari kwa bei maradufu, hutamwambia tena kitu juu ya takwimu akakusikiliza.

Mavuno yakaja. Hesabu mpya ikasema tani milioni 15.9, utoshelevu asilimia 120. Msomaji asiyejua kipimo cha Wizara na ajue: chini ya 100 ni upungufu, toka 100 hata 119 ni utoshelevu, 120 kwenda juu ni ziada. Basi kwa karatasi zao wenyewe nchi ilikuwa na ziada. Walakini Juni 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipiga marufuku mahindi kutoka nje ya nchi. Atakaye kuuza nje asage kwanza, auze unga. Nauliza kama niulizavyo darasa la saba: ikiwa mwaiamini namba yenu, mbona mwafunga mlango? Na ikiwa hamwiamini, mbona mwatutangazia? Mnunuzi aliona matendo, akaacha maneno. Kule Ruvuma na Rukwa wakulima walikaa juu ya malundo ya mahindi wasione wa kuyanunua. Mimi naliuza magunia yangu sita mwezi wa Agosti kwa nusu ya bei niliyonunulia Februari. Wala haikuwa mara ya kwanza, maana mwaka 2011 vilevile mpaka ulifungwa.

Haki yatupasa kusema na jema. Mwaka 2022, bei zilipopanda na watu wa mijini wakalia, serikali haikufunga mpaka, na waziri Hussein Bashe alisema waziwazi kwamba mkulima naye ana haki ya kuuza panapolipa. Mwaka 2024 Zambia ilipopigwa na ukame, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula uliafikiana kuwauzia tani 650,000 za mahindi. Hayo ni mema. Lakini mtu aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ukuti, na mnunuzi aliyekamatiwa lori mwaka mmoja huendelea kukata fedha ya kujikinga miaka mingi baadaye. Hofu haifutwi kwa hotuba.

Na hesabu yenyewe hufanywaje? Hapa ndipo ningependa walimu wenzangu watulie kidogo, maana sisi ndio watu wa hesabu. Chanzo chake ni bwana shamba wa kata. Ana vijiji kadhaa na pikipiki moja, na mafuta yake mara nyingi ni ya mfukoni mwake. Hawezi kupima kila shamba. Humwuliza mwenyekiti wa kitongoji, hutazama, hukisia, huandika. Mkulima aulizwaye naye ana yake moyoni: aogopaye ushuru hupunguza magunia, na atakaye mbolea ya ruzuku huongeza eka. Karatasi hiyo hupanda wilayani, mkoani, mpaka Dodoma, na kila ipandapo hupata sura ya uhakika ambayo haikuwa nayo ilipozaliwa. Huku chini ilikuwa "kama magunia kumi hivi". Kule juu imekuwa tani milioni kadhaa na mia kadhaa, hata tani moja moja zimeandikwa!

Simlaumu bwana shamba; makisio ni makisio, na hakuna nchi isiyokisia. Nalaumu kutotuambia. Hesabu ya msimu wa 2022/23 ilikuwa tani milioni 20.4, utoshelevu asilimia 124. Tukikosea sehemu moja tu katika ishirini, kosa ni tani milioni moja na zaidi, yaani kupita yale mahindi yote yaliyoahidiwa Zambia, na ile 124 huwa kama 118. Jina lake lingebadilika kutoka ziada kuwa utoshelevu tu. Watu huuza na kununua juu ya jina hilo.

Marekani walipita njia hii kabla yetu. Mwaka 1905 ilijulikana kwamba Edwin Holmes, mkubwa mmoja katika ofisi yao ya takwimu za kilimo, alikuwa akiwapa wafanya biashara wa pamba habari za hesabu kabla haijatangazwa. Husimuliwa kwamba aliwapa ishara kwa pazia la dirisha. Tangu aibu ile hesabu zao hukamilishwa ndani ya chumba kilichofungwa, na hakuna atokaye mpaka saa ya kutangaza itimie. Siku na saa hujulikana mapema, naye mkulima wa Iowa husoma namba dakika ile ile aisomayo tajiri wa Chicago. Bei hurukaruka siku hiyo, ni kweli. Lakini kuruka siku moja mchana kweupe ni nafuu kuliko kunyonywa miezi mitatu gizani.

Sisi je? Habari ya chakula twaisikia katika hotuba ya bajeti ya Wizara mwezi wa Mei, na mara nyingine katika jibu la swali bungeni, au kiongozi akiwa safarini. Akiba iliyomo katika maghala ya taifa huchapwa kila mwezi na Benki Kuu, lakini kwa Kiingereza, katika kitabu ambacho mzee wangu wa Mikumi hajapata kukiona. Na Septemba 2018 Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu hata ikawa kosa mtu kutangaza takwimu zenye kupinga zile rasmi. Likaja likalilegeza neno hilo Juni 2019. Kwa muda ule mwalimu ambaye angepima mavuno ya kijiji chake na kuona tofauti angefanya heri kulificha daftari. Hesabu isiyoruhusiwa kusahihishwa si hesabu. Twawafundisha watoto wahakiki jibu, kisha twawaambia wakubwa wao wasihakiki!

Nitakacho si kikubwa. Siku ya kutangaza ijulikane tangu Januari, na iwe kabla ya magunia kuondoka shambani. Mahindi yasemwe peke yake, na mpunga peke yake, kwa mkoa na wilaya, ili mtu wa Kilosa aione Kilosa. Namba iambatane na kiasi cha kosa lake. Wizara ikishaona kosa iseme, "Tulikosea," na hilo halitamvunjia mtu heshima. Ibandikwe kwa Kiswahili ofisi ya kijiji, na kama kijiji hakina ubao, shule inao. Nami nasisitiza zaidi hili: serikali ikikusudia kufunga mpaka, iseme mapema ni kwa kiwango gani itaufunga, ili mnunuzi asitukate fedha kwa kuogopa lisilojulikana.

Wiki iliyopita bwana shamba alifika kwangu jioni na daftari la shule alilolipiga mistari miwili kwa kalamu, upande huu eka, upande huu magunia. Akaniuliza, nikamwambia eka tatu. Lakini ndovu wa mbugani walipita usiku mwezi wa tano, wakala eka moja nzima wakaikanyaga. Akalitazama daftari lake kwa muda. "Mwalimu," akasema, "ndovu niwaandike wapi?" Nikamwonyesha pembeni, mahali palipobaki nafasi. Akaandika kwa herufi ndogo sana, na juu yake, safu ya kwanza, akaiacha ile tatu.