Ushahidi wa Ngozi ya Kuazima

Kila zinapotajwa habari za ubaguzi wa rangi katika Marekani, hakosi mwanafunzi wa kuniletea kitabu cha John Howard Griffin, Black Like Me, kilichochapwa mwaka 1961, akanena kwamba huo ndio ushahidi mkuu wa mambo yale. Mimi nakataa, wala sikatai kwa kumdharau Griffin.

Griffin alikuwa mwandishi mweupe wa Texas. Mwishoni mwa mwaka 1959 alikwenda New Orleans, akameza dawa aliyopewa na tabibu wa ngozi, akajianika chini ya taa yenye miali kama ya jua, akajipaka rangi, akanyoa kichwa, akatoka usiku hali ni mtu mweusi. Jina hakubadili, wala kisomo, wala usemi. Hata hivyo kazi akanyimwa, na choo na maji ya kunywa ikambidi kuvitafuta mbali. Akapita Mississippi, Alabama na Georgia, na baada ya wiki chache akarudi katika ngozi yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye alikilalia, na sifa hiyo simnyang'anyi. Habari zake zilipotoka mwaka 1960, sanamu yake ilitundikwa hadharani katika mji wa Mansfield, naye akahamia Mexico na jamaa zake.

Lakini wenye kitanda je? Ida B. Wells, mwanamke mweusi aliyezaliwa utumwani, alikuwa mwandishi wa gazeti mjini Memphis. Aliandika juu ya watu weusi waliouawa na magenge pasipo hukumu. Akahesabu vifo, akapima visingizio vya wauaji kimoja kimoja, akaonyesha uongo wao. Mwaka 1892 genge likavunja ofisi ya gazeti lake, na yeye, aliyekuwa safarini, akaonywa kwamba akirudi atauawa. Frederick Douglass alikwisha andika tangu mwaka 1845, na Richard Wright akaandika mwaka 1945. Nani kati yao alihitaji dawa ya ngozi ili ajue?

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu. Wasomaji weupe wengi walilisadiki neno lile lile walipolisikia kinywani mwa mwenzao. Yaani ubaguzi ulikuwa umeingia hata katika kusadiki! Griffin mwenyewe aliliona hilo, akalilalamikia: aliitwa katika miji kueleza shida za watu weusi, hali watu weusi wa miji hiyo hiyo hawakuulizwa. Basi sisi, tulio mbali na Memphis na Mansfield, tukimtanguliza yeye, twafanya nini ila kumpuuza onyo lake?

Mwanafunzi mmoja alinijibu kwamba Griffin asomeka kwa sababu anashangaa, na msomaji mgeni hushangaa pamoja naye. Ni neno la haki. Walakini Wells hakuwa na nafasi ya kushangaa. Alikuwa akihesabu maiti. Mwaka huu, katika orodha ya vitabu vya darasa langu, jina la Wells liko juu, na la Griffin liko chini yake.